Mwongozo kamili: kumpokea volontia nyumbani na akakaa mpaka muda wake uishe

Kila ikifika mwezi wa sita, vyuo vya Ulaya na Marekani vikifunga, Moshi inajaa mavolontia, wale wageni wanaokuja kufanya kazi ya kujitolea, na haipiti muda malalamiko yanaanza, yale yale ya kila mwaka. "Volontia wetu kahamia hosteli, sijui tumemkosea nini." "Hali chakula." "Anashinda kajifungia chumbani." Na wengine hao walimchinjia mpaka mbuzi.

Ukiwauliza walikuwa wanaishi naye vipi, karibu wote wamekwama pale pale: wamemfanya mgeni kuanzia siku ya kwanza mpaka siku anaondoka. Mtu kaja kuishi na nyie, anapewa chumba kizuri, anapakuliwa sahani mpaka inamwagika, sufuria haruhusiwi kugusa, akinyanyuka kidogo tu watu watatu wanamwambia kaa, kaa. Heshima ni nzuri ila mtu akikosa cha kufanya ndani ya nyumba anajiona mzigo, na anayejiona mzigo anatafuta pa kwenda.

Hapa naongelea nyumba ya kawaida ya Moshi mjini au vijiji vya karibu. Kama uko Iringa au Bagamoyo utarekebisha chakula na blanketi, mengine ni hayo hayo. Na nikisema volontia simaanishi mzungu tu, wapo Wajapani, wapo Wakorea, wapo Wamarekani weusi ambao nao wana mtihani wao kwasababu mtaani kila mtu anawamwagia Kiswahili cha haraka alafu anashangaa mbona hawajibu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hajafika

- Kitanda na godoro lisilobonyea katikati, shuka pea mbili, blanketi zito (mwezi wa sita na wa saba kuna baridi, ukipanda kuelekea Kibosho au Marangu ndo usiseme)
- Chandarua chenye dawa, kisichotoboka, kikubwa kiasi cha kuchomekwa chini ya godoro
- Kitasa cha chumba kinachofunga kwa ndani, funguo mbili
- Ndoo mbili za kuogea na kopo
- Ndoo ya maji ya kunywa yenye mfuniko na koki
- Taa ya kuchaji, umeme ukikatika asianze kupapasa kuta
- Ekstensheni nzuri ya pini tatu, sio zile za bei ya kutupa zinazonuka plastiki zikipata moto
- Dumu dogo la taka lenye mfuniko, la chooni
- Pasi
- Karatasi ukutani yenye namba za simu: yako, ya kodineta (msimamizi wake kwenye shirika linalomleta), ya bajaji au teksi mmoja mnayemwamini, ya hospitali, ya mwenyekiti wa mtaa

Usinunue sofa mpya wala TV kubwa. Hakuna volontia aliyehama kwasababu ya sofa.

## Hatua ya 1: Maliza makaratasi na makubaliano

Hii watu wanairuka kwasababu wanaona aibu kuulizana mambo ya hela na vibali, alafu baadaye ndo inakuwa kesi.

Viza ya matembezi sio ya kufanyia kazi, hata kama kazi yenyewe hailipwi. Anayekaa hapa kama volontia kibali chake cha ukaazi ni cha daraja C, na wa kukishughulikia ni shirika linalomleta, sio wewe. We kazi yako ni kumuuliza kodineta mapema kibali kimefikia wapi, na mgeni akifika ubaki na kopi ya pasipoti. Siku hiyo hiyo au kesho yake mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa aandikwe. Sababu ni rahisi, watu wa uhamiaji wakipita au kukitokea wizi, mwenyekiti awe anamjua huyu mtu ni wa nani na anaishi wapi.

Alafu mkae na kodineta muandike, muandike kweli kwenye karatasi sio kwa mdomo: hela ya chakula ni shingapi kwa mwezi na inalipwa tarehe ngapi, LUKU analipa nani, akisafiri wikiendi chakula chake kinahesabiwaje, akiondoka kabla ya muda inakuwaje.

Uliza pia anakaa muda gani. Wa Peace Corps (mpango wa kujitolea wa serikali ya Marekani) wanakaa miaka miwili baada ya mafunzo ya kama miezi mitatu, vijana wa weltwärts (mpango wa kujitolea wa Ujerumani) wengi ni mwaka mmoja, na wanafunzi wa likizo ni wiki chache tu. Wa wiki nne huna haja ya kumfundisha kusonga ugali wa watu kumi, ila wa mwaka asipojua kusonga ni wewe utakayechoka.

Na la mwisho hapa: ana mzio wa nini, hali nini, anatumia dawa gani. Ulizeni kabla, sio siku ya karamu.

## Hatua ya 2: Chumba

Funga chandarua mwenyewe, usimwachie kwenye pakiti ukasema atajifungia. Kinatakiwa kishuke mpaka kichomekwe chini ya godoro pande zote nne, kisiguse mwili akilala maana mbu anauma kupitia kwenye matundu. Mwonyeshe kukishusha jioni kabla giza halijaingia, sio saa nne akiwa ameshalala na mbu wake ndani.

Kitasa. Hapa wazee wanagomba, "atajifungia kwani sisi wezi?" Hapana. Wenzetu wengi wamekua kila mtu na chumba chake, mlango ukifungwa maana yake napumzika, haina maana nimewachukia. Watoto waambiwe kabisa kwamba pale panagongwa hodi na mtu anasubiri ajibiwe. Nakubali itawachukua muda watoto kulizoea hilo, lakini usiache kulisema.

Umeme sasa, na hapa nakaa kidogo maana nyumba nyingi zimeunguza vitu. Kwetu umeme ni volti 230, Marekani ni 120. Ile adapta anayokuja nayo inabadilisha pini tu, volti inaziacha vile vile. Kwahiyo kabla hajachomeka chochote msome wote wawili maandishi madogo kwenye chaja. Ikiandikwa 100-240V, kama zilivyo chaja nyingi za simu na kompyuta, achomeke bila wasiwasi. Ikiandikwa 120V peke yake, isiguse ukuta wako. Mara nyingi ya hivyo inakuwa mashine ya kukaushia nywele, inachomekwa, inanguruma vibaya sekunde chache, inatoa moshi, na mara nyingine inaondoka na soketi. Hata ile inayokubali volti zetu bado ni mlaji: ikiwa ya wati 1500, akiitumia saa nzima ni uniti moja na nusu za LUKU zimekwenda kwenye nywele. Mwambie tu, atakuelewa, wengi hawajawahi kuona mita ya kununua umeme kwa uniti.

## Hatua ya 3: Maji ya kunywa

Chemsha mpaka yatokote yenyewe kwa nguvu, uache yaendelee dakika nzima ndo uepue. Sio kupata uvuguvugu ukasema yameiva. Yapoe yakiwa na mfuniko, uyamimine kwenye ndoo yenye koki. Koki ni muhimu kwasababu ukichota kwa kikombe mikono ya nyumba nzima inaingia mle, kazi yote ya kuchemsha imepotea.

Wengi mpaka hapo wanafanya vizuri, mgeni anakunywa maji safi, na bado tumbo linamkata. Angalieni juisi. Parachichi na pasheni mmezisaga kwa maji ya wapi? Kachumbari mmeoshea maji gani? Anapigia mswaki maji ya bombani? Vyote hivyo vitumie maji yaliyochemshwa.

Utajua umefanikiwa ukiona anajichotea mwenyewe usiku bila kuja kukuuliza haya ndo ya kunywa.

## Hatua ya 4: Siku mbili za kwanza

Ndege nyingine zinatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku. Mtu kasafiri siku nzima na zaidi, saa za mwili wake ziko kwingine, na akifika anakuta ukoo mzima sebuleni na hotuba. Msimfanyie hivyo. Chai au mtori mwepesi, maji ya kuoga, kitanda. Ukoo uje Jumapili.

Kesho yake asubuhi mtu mmoja wa jinsia yake, mwenye uvumilivu, amtembeze nyumba nzima. Msiseme "ataona mwenyewe". Mwonyesheni:

Kuoga kwa ndoo. Unachanganya ya moto na ya baridi kwanza, unapima kwa mkono, unachota kwa kopo unajimwagia, unapaka sabuni, unajisuuza. Onyesha kwa vitendo ukiwa umevaa nguo zako. Wapo waliojaribu kuingia kwenye ndoo wenyewe, na wapo waliotumbukiza sabuni ndani kisha wakakosa maji ya kujisuuzia. Anaona aibu kuuliza, we unaona aibu kumwelekeza, matokeo yake anaacha kuoga.

Choo. Kama ni cha kuchuchumaa mwonyeshe miguu inakaa wapi na uso unatazama wapi, na simu aitoe mfuko wa nyuma kabla, hiyo ni tahadhari ya kweli kabisa. Kama tundu halimezi karatasi mwambie ziende kwenye dumu, na mdada aelezwe na mdada mwenzie pedi zinatupwa wapi na zinachomwa lini.

Saa. Mwandikie kwenye karatasi: ukisikia saa moja asubuhi, saa yako inasoma 7. Saa nane mchana ni 2. Mkimwambia "tunaondoka saa mbili" bila kumweleza, atakuja saa nane mchana kajiandaa na begi mgongoni.

Viatu vinavuliwa wapi, kandambili za chooni ni zipi, mbwa anafunguliwa saa ngapi.

Na shikamoo. Amwamkie nani na asimwamkie nani, maana wakishaifurahia wanaitoa mpaka kwa watoto wa chekechea, mtaa mzima unacheka.

## Hatua ya 5: Siku ya tatu mpe jembe

Wazee walishasema, mgeni siku mbili. Hii ndo hatua inayoamua kila kitu na ndo inayoshindikana, kwasababu mama wa nyumba anaona majirani watasema anamtumikisha mgeni wa watu. Waache waseme.

Mpe kazi tatu ndogo ziwe zake, mchague kati ya hizi. Aoshe vyombo vya chakula cha usiku. Achambue mchele. Aende sokoni na mtu Jumamosi, abebe kikapu. Aangalie watoto wanavyofanya homuweki ya hesabu. Usimpe kazi ya mkaa siku ya kwanza, ataunguza, lakini aje akae jikoni kwenye kigoda akikuna nazi au akimenya ndizi, maana maneno ya nyumbani yote yanasikika jikoni na Kiswahili chake kitatokea hapo kuliko kwenye daftari. Ndizi mbichi apakwe mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu wake hautoki kirahisi.

Kufua anafua mwenyewe. Mwonyeshe: loweka kwenye sabuni ya unga, shika nguo kwa viganja usugue nguo kwa nguo, usisugue kwa mifupa ya vidole kama wanavyofanya wote mara ya kwanza wakachunika. Suuza mara mbili. Chupi na shuka zikishakauka zipigwe pasi, hasa zikianikwa kivulini au kwenye nyasi, kuna inzi anataga mayai kwenye nguo yenye unyevu, yakianguliwa funza anaingia kwenye ngozi na uvimbe wake ukitokea mgongoni mwa mtoto wa watu utapigiwa simu kutoka ng'ambo. Moto wa pasi unaua mayai.

Tahadhari moja ambayo sioni ikisemwa: dada wa kazi. Volontia akija, maji ya kuchemsha yanaongezeka, vyombo vinaongezeka, chumba kinaongezeka, na hela ya shirika inaingia kwa mama. Dada mshahara ule ule. Baada ya mwezi dada ananuna, sahani zinapigwa kwa kishindo, mgeni anahisi kachukiwa na hajui kwanini. Muongeze dada kitu kuanzia mwezi wa kwanza na mambo yatatulia.

Ukiona mtu kaingia jikoni bila kualikwa, akachukua kisu, akauliza leo tunapika nini, hatua hii imekaa.

## Hatua ya 6: Chakula

Ajipakulie. Nalirudia hili maana ndo linalovunja nyumba: ajipakulie mwenyewe. Ukimpakulia mlima wa ugali anaona kukuachia ni matusi, analazimisha, kesho anasema ameshiba kabla hata hamjaweka meza.

Vyakula ambavyo wengi wanapokea haraka ni wali maharage, chapati, ndizi nyama, mchicha, parachichi. Dagaa na makande yanataka muda. Kisusio (supu yenye damu ya mnyama) msianze nacho jamani, hata wenyeji wa huku wengine hawakiwezi.

Asiyekula nyama hali na mchuzi wa nyama. Kutoa vipande ukamwachia mchuzi sio kumpikia mboga. Maharage, njegere, mayai kama anakula, mchicha. Mwenye mzio wa karanga ni habari nyingine kabisa, huyo anaweza kufa, kwahiyo mchicha wa karanga, kashata na kinu kilichotwangiwa karanga vyote vikae mbali, na shule au hospitali anakofanya kazi waambiwe pia.

Sisi tunakula saa mbili, saa tatu usiku. Yeye kazoea saa kumi na mbili jioni. Jioni kuwe na ndizi mbivu au maandazi mahali anapojua, ajichukulie bila kuomba.

## Hatua ya 7: Kutoka nje ya geti

Siku ya kwanza ya kazi apelekwe na mtu mpaka mlangoni na arudishwe. Siku ya pili apande hiace na mtu huyo huyo, ila yeye ndo aongee na konda. Ya tatu peke yake, simu ikiwa na chaji na laini imeshasajiliwa kwa pasipoti yake na alama za vidole, asitumie laini ya mtu. Nauli aijue kabla na awe na chenji.

Bodaboda ulizeni shirika. Mengi yanakataza kabisa, na bima za wengine hazilipi ajali ya pikipiki. Hata kama dereva ni mtoto wa shangazi yako. Giza likiingia ni bajaji au teksi ile ya namba ya ukutani.

## Hatua ya 8: Hela, picha na maombi

Wiki ya pili itatokea. Jirani ana mtoto wa ada, fundi ana wazo la biashara, shemeji anataka kadi ya harusi ichangiwe na mzungu. Wekeni sheria ya nyumba na iwe ya kwenu, sio yake: hapa hakuna anayemwomba hela, mwenye shida aende ofisi ya shirika. Ukimwachia mgeni aseme hapana peke yake atasema ndiyo mara tatu, ya nne atakimbia mtaa.

Na wewe mwenyewe usimkope. Hata elfu kumi ya LUKU.

Upande wa pili na yeye ana yake ya kuambiwa. Asipige picha watoto wa watu barabarani akawatupia mtandaoni bila mzazi kukubali, na asigawe pipi getini, kesho watakuja arobaini. Kama ni mwanafunzi wa udaktari, kule kwao haruhusiwi kuchoma sindano peke yake, na hapa pia haruhusiwi. Ukisikia anasimulia mezani kwamba leo kashona kidonda cha mtu bila msimamizi, mpigie kodineta.

## Hatua ya 9: Akiugua

Homa yoyote ni kipimo siku hiyo hiyo, sio panadol na kusubiri asubuhi. Malaria kwa kawaida haijitokezi kabla ya wiki moja tangu kuumwa na mbu, kwahiyo homa ya siku ya pili huenda ni kingine, lakini apimwe vile vile. Na asikudanganye kwamba anameza dawa za kuzuia, hakuna inayozuia kwa asilimia mia. Anayetumia doksi (doxycycline, moja ya dawa hizo) ameze na chakula na maji mengi, na jua litamchoma haraka kuliko wenzake, kofia.

Kuharisha: ORS, kidogo kidogo mfululizo. Ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa juu na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukizidisha chumvi unamuumiza. Damu kwenye choo, homa juu, au anatapika hata maji, ni hospitali.

Mbwa akimng'ata au hata kumparura: sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwa saa ukutani, kisha hospitali leo leo, hata kama alichanjwa kwao. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna tiba.

## Hatua ya 10: Wiki ya tatu na kikao cha mwezi

Shamrashamra zimeisha, Kiswahili hakipandi, shuleni mwalimu mkuu hajui ampe kipindi gani, na kwao wanampigia video wakiwa baharini. Hapo wengi wanazama chumbani. Msimgongee kila nusu saa kumuuliza unaumwa? una nini? Endeleeni na ratiba, zile kazi zake tatu zibaki zake, mwiteni kwa kazi sio kwa pole: "twende tukachukue maziwa." Akikataa siku mbili tatu mwacheni. Akiacha kula, akiacha kwenda kazini wiki nzima, au akianza kulia mara kwa mara, mwambie kodineta, hiyo sio siri ya kumtunzia.

Mwezi ukiisha kaeni nyie, yeye na kodineta, nusu saa inatosha. Kila mmoja ataje kitu kimoja kinachomkera, na mama aanze yeye maana mgeni hataanza. Bafuni anakaa saa nzima, aseme. Redio ya asubuhi inamwamsha saa kumi na moja, aseme. Zile karatasi za hatua ya kwanza zitolewe, hela ya chakula iangaliwe kama inatosha kwa bei za sasa, na kama haitoshi ibadilishwe hapo hapo mbele ya kodineta na isainiwe upya.